SOMO: Jinsi ya kupata vipindi vya Benny Hill kamili kwenye DVD bila kuuziwa vipande

Wakuu, nimechoka. Haupiti mwezi bila mtu kunifuata pembeni: "Wewe si uko Uingereza, nisaidie nipate Benny Hill wote." Namwelekeza, anashukuru, wiki mbili baadaye anakuja mwingine na swali lile lile. Leo naandika mara moja. Ukinifuata tena nakurudisha hapa hapa.

Hatua ya 1: Jua unachotafuta. Benny Hill, mchekeshaji wa Uingereza, alianza kipindi chake BBC mwaka 1955, akahamia kituo cha televisheni cha Thames mwaka 1969 na kubaki huko mpaka 1989 walipomwachisha. Kile unachokikumbuka, babu mfupi mwenye upara akipigwapigwa utosini, mwisho watu wanakimbizana kwa ule muziki wa saksafoni, ni cha Thames. Viko 58. Vya BBC vingi vimepotea, enzi hizo kanda zilikuwa zinafutwa ili zirekodiwe vitu vingine. Usiumize kichwa navyo.

Hatua ya 2: Chagua toleo. Yapo mawili ya maana. La Marekani lilitolewa na A&E, seti sita zenye maneno "Complete and Unadulterated" kwenye kava, kuanzia 1969 hadi 1989. La Uingereza lilitolewa na kampuni ya Network, wao walikuwa wanatoa mwaka mmoja mmoja kwa jina la "The Benny Hill Annual". Network ilifunga mwaka 2023, kwa hiyo hizo utazipata mtumba tu: maduka ya hisani, minada ya mtandaoni, au Jumapili asubuhi kule watu wanakouzia vitu kwenye buti za magari. Anayetaka vyote kwa mpigo achukue za Marekani. Mimi napenda za Uingereza kwa sababu ya picha. Vipindi vilirekodiwa kwa mistari 625 ya PAL, mfumo wa picha wa Uingereza, na vya Marekani ilibidi vigeuzwe kuwa NTSC, mfumo wa kwao, yenye mistari 525. Kwenye TV kubwa utaona tofauti, hasa wakianza kukimbia.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya dakika. Kuanzia 1979 Wamarekani walikuwa wanaonyeshwa Benny Hill wa nusu saa nusu saa, vipande vilivyokatwa na kuunganishwa upya. Kipindi halisi ukitoa matangazo kinakaribia dakika 50. Basi soma nyuma ya kava, gawanya dakika kwa idadi ya vipindi. Ukipata ishirini na kitu, weka chini. Kava ikiandikwa "Best of", hata hesabu usipige.

Hatua ya 4: UKANDA. Soma mara mbili. Nyuma ya kava kuna kimchoro cha dunia chenye namba ndani. Marekani ni 1, Uingereza ni 2, Tanzania na Kenya ni 5. Deki yenye ukanda wake haisomi diski ya ukanda mwingine.

Mimi nilijiona mjanja. Nilinunua seti ya Marekani huku rafu ikiwa na Annual tatu za Uingereza, nikasema kompyuta itasoma zote. Naweka ya Marekani, kinakuja kiboksi: badilisha ukanda? Ndiyo. Kesho yake naweka ya Uingereza: badilisha? Ndiyo. Chini ya kile kiboksi kulikuwa na maandishi madogo, "mabadiliko yaliyobaki", na namba. Sikuisoma. Siku moja mke wangu ameshapanga bisi na chai, nabonyeza, namba ikawa sifuri. Drive, kile kisomeo cha diski cha kompyuta, ikaganda Ukanda wa 1 moja kwa moja. Nikazima, nikawasha, nikaweka Windows upya, wapi! Namba haikai kwenye Windows, inakaa ndani ya drive yenyewe.

Kwa hiyo:
- Kompyuta unapewa mabadiliko MATANO tu. Ikikuuliza, bonyeza hapana.
- Jaribu VLC kwanza, ile programu ya kuchezea video. Drive nyingine inakubali, nyingine inagoma.
- Dawa ya kweli ni deki inayosoma ukanda wowote. Deki nyingi hufunguliwa kwa rimoti: unaingia kwenye mipangilio, unabonyeza tarakimu fulani, unachagua 0. Tarakimu hutegemea modeli, kwa hiyo tafuta kwa jina la modeli lililo mgongoni mwa deki. Usijaribu za deki ya jirani.

Hatua ya 5: Ikifika, icheze yote kabla muda wa kurudisha haujaisha.

Maswali chini. Someni kwanza.

---

Mzee_wa_Kanda: Mkuu, link ya kudownload?

Mwandishi: Somo linahusu DVD.

Mzee_wa_Kanda: Sasa si useme tu huna.

Mwandishi: Sina.

Chausiku84: Mimi niko Muscat. Za Uingereza zitasoma huku au nitafute Ukanda wa 5?

Mwandishi: Swali zuri dada, hilo nilipaswa kuliweka. Oman na Ghuba yote ni Ukanda wa 2, sawa na Uingereza. Chukua za Network bila wasiwasi. Ila ukizibeba kurudi nyumbani likizo, kumbuka huko ni 5, beba na deki.

Kariakoo_Finest: Mnajitesa bure. Mimi nina diski moja ya buku mbili, ina Benny Hill arobaini. Kamili.

Mwandishi: Kimoja kina dakika ngapi?

Kariakoo_Finest: 22 hivi. Kwani kuna shida gani, si nacheka?

Mwandishi: Cheka mkuu, hakuna aliyekukataza. Ila neno "kamili" lifute. Hatua ya 3.

Fundi_Sauti: Nina seti ya kwanza ya Marekani. Vipindi vingine ni vya rangi, vingine nyeusi na nyeupe. Nina TV ya chogo ya zamani. Ni TV au ni diski?

Mwandishi: Afadhali umeuliza ukiwa umeshachunguza. Kama VYOTE havina rangi, ni TV: chogo nyingi za PAL zikipewa NTSC zinaonyesha picha bila rangi. Kama ni vichache tu, TV yako nzima. Kuanzia Novemba 1970 hadi Februari 1971 mafundi wa ITV, mtandao wa televisheni ambao Thames ilikuwa ndani yake, waligoma kutumia mitambo ya rangi mpaka waongezwe malipo, vipindi vya wakati huo vikarekodiwa bila rangi. Angalia tarehe za hivyo vyako.

Fundi_Sauti: Duh! Vya Desemba 1970 na Januari 1971. Mgomo wa mafundi miaka ile, mimi nahangaika na waya leo. Asante sana.

Mwandishi: Umenifurahisha. Ukitaka zaidi, tazama majina yanayopita mwisho wa kipindi. Nyimbo nyingi mle aliandika mwenyewe. Ule wa muuza maziwa, "Ernie", ulishika namba moja Uingereza Krismasi ya 1971.

Binti_Pangani: Yule babu wa upara ni nani jamani? Namhurumia.

Mwandishi: Jackie Wright, mtu wa Belfast.

Mama_Wawili: Naweza kuangalia na watoto?

Mwandishi: Vya miaka ya themanini vina wasichana nusu uchi wanaokimbizwa bustanini. Kina mama wengi Uingereza walilalamika enzi hizo, na walikuwa na hoja. Vitazame peke yako kwanza. Na mkwe akiwepo sebuleni, weka taarifa ya habari.

Deki_Master: Nyongeza kwa wanaonunua mtumba. Diski ikibana kwenye kasha usiivute kwa ukingo, bonyeza kitovu cha katikati iruke yenyewe. Kuifuta ni kutoka katikati kwenda nje, kitambaa laini, usizungushe.

Kariakoo_Finest: Dawa ya meno inaondoa mikwaruzo.

Deki_Master: Inaongeza.

Mgeni2: Samahani mkuu, sijasoma yote. Kompyuta yangu inaniuliza nibadilishe ukanda, imeandika imebaki 1. Nibonyeze ndiyo?

Mwandishi: HAPANA. Toa mkono kwenye kipanya. Hatua ya 4.

Mgeni2: Nimeshabonyeza.

Mwandishi: Imebaki ukanda gani?

Mgeni2: 2.

Mwandishi: Basi mimi ninayo drive ya Ukanda wa 1 kabatini. Lipia posta tu nikutumie, utakuwa nazo mbili.