SOMO: Jinsi ya kuchora terosauri akaonekana kweli anaweza kuruka

Wakuu, habari za muda. Kila nikiweka mchoro hapa maswali ni yale yale: huyu ni dinosaria au ndege, mbona ana vidole kwenye bawa, mbona umemtembeza kwa miguu minne. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake. Naandika mara moja, na kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza hapa.

Tuelewane kwanza. Terosauri hakuwa dinosaria, hakuwa ndege, hakuwa popo. Alikuwa mtambaazi wa ukoo wake mwenyewe, na dinosaria ni ndugu zake wa karibu. Hawa ndio wanyama wa kwanza wenye uti wa mgongo kuruka kwa kupiga mabawa. Walikuwepo tangu zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita hadi miaka milioni 66 iliyopita. Ndege na popo walikuja baadaye, kila mmoja na bawa la kivyake.

Hatua ya 1: Chagua mnyama mmoja kwa jina. Hakuna kuchora "terosauri tu". Rhamphorhynchus wa Bavaria, Ujerumani, ana mkia mrefu wenye kipande bapa kwenye ncha, na meno yaliyochongoka kwenda mbele. Pteranodon wa Kansas, Marekani, ana mkia mfupi na kishungi kirefu kisogoni, na hana jino hata moja. Ukichanganya viungo vya hawa wawili umechora mnyama ambaye hajawahi kuishi.

Hatua ya 2: Penseli laini, kifutio, karatasi. Rangi baadaye.

Hatua ya 3: Kiwiliwili kidogo, kichwa kikubwa. Kikionekana kimezidi, huenda bado hakijatosha.

Hatua ya 4: Bawa. Hapa ndipo michoro mingi inapofia, kwa hiyo someni polepole.

Nyosha mkono wako mbele. Hesabu kuanzia gumba: cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu cha nne, kile cha pete. Kwa terosauri kidole hicho cha nne kilirefuka kuliko mkono mzima, kikawa ndicho mhimili wa bawa. Kidole cha mwisho hakipo kabisa. Vitatu vya mwanzo vilibaki vifupi, vyenye kucha, vimekaa katikati ya ukingo wa mbele wa bawa. Popo ametandaza utando wake juu ya vidole kadhaa, ndiyo maana bawa lake lina mbavu mbavu. Ukimchorea terosauri mbavu hizo umechora popo mwenye mdomo mrefu, na vibao vingi vya madarasani ndivyo vilivyo.

Utando unaanzia ncha ya kidole hicho na kushuka hadi sehemu ya chini ya mguu wa nyuma. Usiuishilize kiunoni. Mbele, kati ya bega na kifundo cha mkono, kuna utando mwingine mdogo, nao unashikiliwa na mfupa mwembamba unaoota kifundoni na kuelekea upande wa bega. Mfupa huo wanao terosauri peke yao. Wachoraji wengi wanauruka, na ukiukosa bawa linakosa ukingo wa kukata upepo.

Tahadhari. Utando usining'inie kama khanga kwenye kamba. Visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, vilivyohifadhika vizuri vinaonyesha nyuzi ngumu zimepangwa ndani yake, pamoja na misuli myembamba na mishipa ya damu. Lilikuwa bawa hai, mnyama mwenyewe akilikaza na kulilegeza. Lichore limekazwa, ncha yake imepinda kidogo kwenda nyuma. Na usiweke matundu wala ukingo uliochanikachanika ili atishe. Bawa lililochanika ni mnyama anayekufa njaa.

Hatua ya 5: Msimamo ardhini. Miguu minne. Kidole cha bawa kinakunjwa na kupandishwa juu, kando ya kiwiko, na mnyama anakanyagia vile vidole vitatu vifupi. Hili si la kukisia. Huko Crayssac, Ufaransa, kuna nyayo zao kwenye lililokuwa tope la pwani: unyayo mrefu wa nyuma, na mbele yake alama ya mkono yenye vidole vitatu vilivyoelekea pembeni. Ukimsimamisha kwa miguu miwili kama kuku unabishana na nyayo zake mwenyewe.

Hatua ya 6: Ngozi. Mwili ulikuwa na vinyweleo laini. Mwaka 1971 mtaalamu Aleksandr Sharov alieleza kisukuku cha terosauri aitwaye Sordes kutoka Kazakhstan chenye vinyweleo hivyo, na tangu hapo vimeonekana kwa wengine, hasa wa China. Magamba mwili mzima kama mamba, acheni.

Hatua ya 7: Mandhari. Angalia zama. Rhamphorhynchus aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, kwa hiyo usimwekee nyasi wala maua. Usimweke na Tyrannosaurus, aliyekuja zaidi ya miaka milioni 80 baadaye. Na binadamu asionekane popote.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

---

Fundi_Rangi: Somo zuri mkuu. Sasa huyu ni dinosaria wa aina gani?

Mleta mada: Aya ya pili.

Binti_Lindi: Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa Lindi. Tunasikia habari za yule mjusi mkubwa wa Tendaguru aliyeko Berlin. Je, na hawa warukao walikuwepo kwetu?

Mleta mada: Marahaba binti, umeuliza jambo ninalolipenda. Walikuwepo. Msafara wa Wajerumani ulichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913, na kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya watu wetu chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Mifupa mikubwa ndiyo iliyopata sifa, lakini katikati yake kulikuwa na vipande vidogo vya terosauri. Mwaka 1999 wataalamu David Unwin na Wolf-Dieter Heinrich walikipa kimoja jina: Tendaguripterus recki. Ni kipande cha taya la chini chenye meno, basi. Kwa hiyo ukimchora, taya ndilo la uhakika, mengine unaazima kwa jamaa zake. Andika hivyo pembeni ya mchoro ili mtazamaji ajue. Na Boheti naye hakusahauliwa moja kwa moja: dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii mwaka 2007. Wanafunzi wa Lindi walijue jina hilo kabla ya yote niliyoandika hapa.

Binti_Lindi: Ahsante sana. Mbona vipande vyao ni vichache hivyo?

Mleta mada: Mifupa yao ilikuwa mitupu ndani, imejaa hewa, na kuta zake mara nyingi hazifiki milimita 2. Ilisaidia kuruka, lakini mnyama akifa inavunjika na kusagika upesi. Inahitaji tope laini lililotulia. Ndiyo maana chokaa ya Solnhofen huko Bavaria imetoa wengi wazima, akiwemo yule wa kwanza kabisa kuelezwa, mwaka 1784. Cosimo Collini aliyemweleza alidhani pengine ni mnyama wa baharini. Georges Cuvier ndiye aliyetambua, mwaka 1801, kwamba ni mtambaazi arukaye.

Jembe_Halisi: Acheni uongo, hawa wapo mpaka leo. Zambia wanaitwa kongamato. Nimeona video.

Mleta mada: Video si mfupa. Habari hiyo ilienea baada ya Mwingereza Frank Melland kuandika, mwaka 1923, aliyoyasikia kwa Wakaonde wa huko Zambia. Yeye ndiye aliyewaonyesha picha ya terosauri. Masimulizi ya Wakaonde ni yao na nayaheshimu. Lakini baada ya miaka milioni 66 iliyopita hakuna mfupa hata mmoja, bara lolote. Leta mfupa tuzungumze.

Jembe_Halisi: Unajifanya unajua kila kitu.

Mleta mada: Nimekuambia nini kitanibadilisha msimamo. Tuendelee.

Mwl_Sayansi_Kisumu: Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wangu wananiuliza: yule Quetzalcoatlus mkubwa kama twiga alipaaje? Ndege mzito hukimbia kwanza.

Mleta mada: Swali zuri. Quetzalcoatlus northropi alipatikana Texas mwaka 1971 na Douglas Lawson, aliyekuwa bado mwanafunzi. Upana wa mabawa ni kama mita 10, na makadirio mengi ya sasa yanampa kilo 200 na ushei. Ndege hurukia miguu ya nyuma tu, kwa hiyo akinenepa inabidi miguu inenepe, na miguu hiyo ni mzigo akiwa hewani. Terosauri alishakuwa na mikono yenye nguvu kwa ajili ya kupiga mabawa. Mwaka 2008 mtaalamu Michael Habib alionyesha kwamba mifupa ya mikono yao ilikuwa imara mno kuliko ya miguu, inavyofaa mnyama anayejirusha kwa mikono: anachuchumaa kwa minne, miguu inasukuma kwanza, mikono inamalizia kwa kishindo, bawa linafunguka. Popo mnyonya damu hujirusha hivyo hivyo kutoka chini. Msuli mmoja, kazi mbili. Wachoreshe wanafunzi hatua tatu za kupaa, wataelewa kuliko maelezo yangu.

Fundi_Rangi: Kwenye filamu wanabeba watu kwa makucha ya miguu. Nichore hivyo?

Mleta mada: Hapana. Miguu yao ilikuwa ya kukanyagia, haikuweza kushika kitu kama tai.

Mama_Zuhura: Walikula nini? Mwanangu kasema wote samaki.

Mleta mada: Mwanao amekaribia, dada. Wengi walikula samaki. Kuna kisukuku kimoja cha Bavaria nakitazama kila nikipata nafasi: Rhamphorhynchus ana kisamaki kooni hajakimeza bado, na bawa lake limenaswa na samaki mwingine mkubwa, Aspidorhynchus. Wakakokotana mpaka chini, wakafa pamoja. Milo miwili katika jiwe moja. Lakini Pterodaustro wa Argentina alikuwa na meno kama elfu moja, membamba mithili ya nywele, akichuja vijidudu majini jinsi heroe wanavyofanya. Anurognathus alikula wadudu. Hao wakubwa jamaa ya Quetzalcoatlus inaelekea walitembea nchi kavu wakidonoa chochote kinachomezeka, na wataalamu huwalinganisha na korongo. Wale korongo wenye upara wa majalala ya Kampala na Nairobi ni walimu wazuri wa kuchora mwendo huo. Kaa nao asubuhi na daftari.

Mama_Zuhura: Na watoto wao?

Mleta mada: Mayai yenye ganda laini. Xinjiang, China, yamepatikana mayai zaidi ya 200 ya Hamipterus mahali pamoja, taarifa ya 2017, na mengine yana vijusi ndani. Inaonyesha walitaga kwa makundi.

Fundi_Rangi: Sawa, nimerudia aya ya pili. Rangi gani nitumie?

Mleta mada: Vizuri, sasa tunaenda pamoja. Mwaka 2022 kisukuku cha Tupandactylus wa Brazili kilionyesha chembe za rangi za maumbo tofauti kwenye ngozi na vinyweleo, yaani hakuwa wa rangi moja. Kishungi kipe rangi ya kujionyesha. Kwa Pteranodon, wenye vishungi vikubwa walikuwa pia na miili mikubwa na nyonga nyembamba, kwa hiyo wanahesabiwa kuwa madume. Jike mchore mdogo, kishungi kifupi. Rangi za maji zinakaa vizuri kwenye utando, ila tandaza tabaka la kwanza jepesi uliache likauke kabisa.

Mwl_Sayansi_Kisumu: Karatasi kubwa ni ghali huku. Nina darasa la watoto 60.

Mleta mada: Tumia uwanja. Chaki au majivu, na kamba ya mita 5 kwa kila upande. Watoto wachore Quetzalcoatlus kwa kipimo chake halisi, kuanzia mifupa ya mkono, kisha kile kidole cha nne, utando mwisho. Waache nafasi ya kichwa na shingo mbele, vinakula zaidi ya mita 3. Majivu yanapeperuka, kwa hiyo nyunyizia maji kidogo ardhini kwanza, na mchore asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza.