Kumfukia Mtakatifu Yosefu unapouza nyumba: fanya kwa sala, usizindike

Mwezi wa nne, theluji ikishayeyuka hapa Minnesota na vibao vya nyumba zinazouzwa vikianza kusimama mitaani, simu yangu haipoi. Wanaopiga ni Wakatoliki wenzangu, Watanzania, Wakenya na Wakongo, na baada ya salamu na habari za watoto wanashusha sauti: "Dada, ni kweli ukimfukia Mtakatifu Yosefu nyumba inauzika haraka?" Mimi ni dalali wa nyumba mwenye leseni, na nimebatizwa na kulelewa Kilema, Kilimanjaro. Swali hili linanigusa kotekote, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Desturi yenyewe iko hivi. Wamarekani wengi, na si Wakatoliki peke yao, wakiweka nyumba sokoni hununua sanamu ndogo ya Mtakatifu Yosefu na kuifukia uani karibu na kibao cha kuuzia. Wengi huifukia kichwa chini, uso ukielekea nyumba. Husali kila siku, na nyumba ikipata mnunuzi huifukua sanamu na kuhama nayo. Maduka ya vifaa vya ibada huuza kiboksi chake maalumu: ndani utakuta Yosefu wa plastiki mwenye urefu wa kidole, kadi ya sala na karatasi ya maelekezo. Bei ni dola chache tu.

Kanisa halina ibada rasmi ya namna hii. Halikuiagiza, na hakuna kitabu cha liturujia chenye maelekezo ya kuchimba shimo. Ni desturi ya watu, na ubaya au uzuri wake unategemea moyo wa anayeifanya.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tuna sababu ya kusita ambayo jirani yako wa Kimarekani hana. Tunajua maana ya mtu kuchimba kishimo kwenye kona ya uwanja, kuweka kitu, kutamka maneno na kufukia. Tumeona nyumba na mashamba yakizindikwa. Ukimchukua baba mlishi wa Yesu ukamfukia kwa fikra hizo hizo, ukiamini kwamba kina cha shimo, upande wa uso na idadi ya siku ndivyo vinavyoleta mnunuzi, umezindika, hata kama kilichomo shimoni kimetoka duka la Kikatoliki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2111, inasema wazi: kudhani kwamba sala au ishara takatifu zinafanya kazi kwa tendo la nje tu, bila moyo unaotakiwa, ni kuanguka katika ushirikina. Soma namba hiyo na mwenzi wako kabla hamjanunua chochote. Kama mmoja wenu bado anaona uganga ndani yake, msifukie. Nitaeleza chini namna nyingine.

Kwa nini Yosefu? Kwa sababu anakujua. Fungua Mathayo sura ya 2 umwone: anamchukua mtoto na mama yake usiku kwenda Misri, anakaa ugenini, anarudi, anaogopa kukaa Uyahudi kwa ajili ya Arkelao, mwana wa Herode aliyetawala huko, anaishia Nazareti. Huyu ni mkuu wa familia aliyehama mara nyingi bila kupenda. Ni seremala pia, mlango unaokwama anaujua. Papa Pius wa IX alimtangaza msimamizi wa Kanisa lote tarehe 8 Desemba 1870. Karne tatu kabla, mwaka 1562, Mtakatifu Teresa wa Avila alikuwa ameshaipa jina lake nyumba ya kwanza ya watawa aliyoianzisha, na aliandika kwamba hakumbuki kumwomba Yosefu jambo akanyimwa.

Simulizi ninayowapenda wateja wangu waijue ni ya Montreal, Kanada. Bruda André Bessette alikuwa bawabu wa shule ya Shirika la Msalaba Mtakatifu, mtu mnyonge asiye na elimu kubwa. Shirika lilitamani kiwanja kwenye mlima wa Mount Royal, mbele ya shule yao, lakini hakikupatikana. Inasimuliwa kwamba André aliweka medali za Mtakatifu Yosefu kwenye mteremko ule na kuendelea kusali. Kiwanja kilinunuliwa mwaka 1896, kikanisa kidogo kikasimama mwaka 1904, na leo pale kuna basilika kubwa ya Mtakatifu Yosefu. André alitangazwa mtakatifu tarehe 17 Oktoba 2010. Tazama alichofanya: medali, sala, na subira ya miaka. Hakumtisha Yosefu na wala hakumpa tarehe ya mwisho.

Kwa hiyo mimi nakataa kichwa chini. Wanaoifanya hivyo husema mtakatifu akisumbuka shimoni atafanya hima ili atolewe. Ukienda kwa baba mkwe kuomba eneo la kujenga, unamfunga kamba kwanza? Sanamu ni plastiki, naam, lakini Kanisa linafundisha tangu Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, kwamba heshima inayopewa sanamu inamfikia yule anayechorwa ndani yake. Na dharau je? Simamisha sanamu wima, au ilaze chali kama mtu aliyepumzika.

Kabla ya kuchimba

Hakikisha nyumba ni yako, na kama mnaimiliki wawili, wote mmekubali. Wapo madalali wanaofukia sanamu kwenye uwanja wa mteja bila kumwambia. Hilo si sawa kabisa, mteja awe Mkatoliki au asiwe.

Peleka sanamu ibarikiwe. Mfuate padre au shemasi baada ya Misa, mwambie ukweli kuwa unauza nyumba na unataka kumwomba Yosefu. Asikutishe akikuuliza maswali, ni kazi yake. Akikushauri usifukie, msikilize. Kitu kilichobarikiwa hakiuzwi tena wala hakitumiwi kwa mchezo.

Kisha piga simu namba 811. Hapa Marekani hiyo ndiyo namba ya kupiga kabla ya kuchimba mahali popote, na huduma ni ya bure. Unawapa anwani, na ndani ya siku chache za kazi wanakuja kuweka alama za rangi na vibendera kuonyesha mabomba ya gesi, maji na nyaya zilikopita. Watu hucheka nikiwaambia wapige simu kwa ajili ya kishimo cha sanamu, lakini waya wa intaneti mara nyingi hupita chini kidogo tu ya majani, na kibao cha kuuzia hukaa karibu na barabara, huko huko nyaya zinakopita. Ukiukata waya huo wiki ya kuonyesha nyumba, utajuta.

Kufukia

Chimba kwa koleo dogo la bustani. Ukate kwanza bonge la majani likiwa zima, liweke pembeni, kisha toa udongo. Kina cha shubiri moja kinatosha. Ifunge sanamu kwa kitambaa safi, halafu uitie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kwa kubana ili maji yasiingie. Mimi hufunga mfuko huo kwa uzi wa katani mrefu, ncha yake nikaiacha chini ya majani, kwa sababu sanamu ndogo kama hii hupotea ardhini kirahisi sana, hasa mvua zikishuka udongo ukajishindilia. Rudisha udongo, rudisha bonge la majani, likanyage taratibu. Halafu pima hatua kutoka kwenye ngazi ya mlango au pembe ya gereji na uandike nyuma ya kadi ya sala. Usitegemee kibao kuwa alama yako, maana kibao huhamishwa.

Mahali? Popote penye heshima. Karibu na mlango, chini ya mti, kwenye bustani ya maua. Usiifukie mahali mbwa wanapojisaidia wala kwenye njia ya watu.

Ukiuza kati ya Desemba na Machi, usahau habari ya koleo. Ardhi ya Minnesota huganda ikawa ngumu kama saruji. Tumia chungu cha maua ndani, karibu na dirisha. Chungu ndilo jibu pia kwa wanaouza fleti, kwa kuwa ardhi ya nje ni ya umoja wa wakazi na si yako.

Na kwa wale niliowaambia wasifukie: mwekeni Yosefu kwenye meza sebuleni, na kitambaa na mshumaa. Hayati Papa Fransisko, akizungumza na familia mjini Manila tarehe 16 Januari 2015, alisema kwamba ana sanamu ya Yosefu akiwa amelala, na akipata tatizo huliandika kwenye karatasi na kuiweka chini ya sanamu hiyo. Andika anwani ya nyumba yako, kunja karatasi, weka chini yake. Kwa kweli, kama ningeulizwa moyo wangu uko wapi, ningechagua hii kuliko shimo. Watoto wanamwona Yosefu kila siku na wanajua familia inaomba nini.

Kusali

Hapa ndipo kazi ilipo. Novena ni siku tisa. Ukitaka kuiunganisha na sikukuu ya tarehe 19 Machi, anza tarehe 10. Kwa Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei, anza tarehe 22 Aprili. Vinginevyo anza siku yoyote. Salini jioni wote pamoja, hata kama ni dakika kumi: Ishara ya Msalaba, Litania ya Mtakatifu Yosefu, Baba Yetu, Salamu Maria, kisha nia yenu kwa maneno yenu. Mimi huwapa wateja wangu hii:

"Mtakatifu Yosefu, uliyeiongoza familia yako usiku na ugenini, tuongoze nasi. Tunaiacha nyumba hii iliyotulea. Mlete mtu ambaye itamfaa, mpe amani humu ndani, nasi utupeleke tunakostahili kukaa. Ee Yosefu mlinzi, utuombee."

Msimsahau mnunuzi. Mara nyingi ni kijana aliyeweka akiba miaka mingi, naye ana woga wake. Mwombeeni kabla hamjamjua jina.

Baada ya Amina, simama ufanye kazi. Bei iendane na nyumba zilizouzwa mtaani kwako miezi ya karibuni, si na deni unalodaiwa. Kagua hita, kagua unyevu wa beismenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, pima radoni, gesi hatari isiyoonekana inayotoka ardhini, maana mkaguzi wa mnunuzi atazikuta zote. Sema ukweli kwenye fomu ya kasoro za nyumba. Huwezi kumwomba Yosefu, mtu mwenye haki, huku unaficha dari inayovuja. Siku za kuonyesha nyumba usikaange dagaa wala samaki, pika kwa dada yako. Ondoa nusu ya vitu vilivyomo kabatini.

Novena ikiisha na simu hazijalia, usimwadhibu mtakatifu kwa kumgeuza au kumhamisha. Kaa na dalali wako mtazame bei upya, kisha anza novena nyingine.

Kumtoa

Fukua kabla ya siku ya kusaini na kukabidhi funguo. Baada ya hapo uwanja ni wa mwingine na huna ruhusa ya kuuchimba. Vuta uzi, toa mfuko, ioshe sanamu kwa maji safi na uikaushe. Ikiwa imevunjika na ilikuwa imebarikiwa, usiitupe kwenye pipa la taka: irudishe ardhini mahali pasipokanyagwa, au muulize padre. Ukiikosa kabisa, sali sala fupi, iache, ununue nyingine.

Kwenye nyumba mpya mweke Yosefu mahali pa heshima kabla hamjafungua maboksi ya jikoni, na mwombeni padre aje kuibariki nyumba. Toleeni pia Misa ya shukrani. Pigeni simu ofisi ya parokia mapema, kwa sababu orodha ya nia za Misa hujaa wiki nyingi mbele, na mkitaka iwe Jumatano, siku ambayo kwa desturi ni ya Mtakatifu Yosefu, itawabidi msubiri zaidi.