Kufaili ufilisi Marekani mkiwa mke na mume: yawekeni mezani kwanza

Mimi sio loya, niseme mapema. Ni mbeba boksi kama wewe, na miaka kadhaa iliyopita mimi na mke wangu tulifaili ufilisi hapa Marekani, Chapta 7, ile ya kufutiwa madeni, tukatoka salama. Tangu hapo napigiwa simu zinazoanza na "kaka, kuna rafiki yangu anauliza", na rafiki mwenyewe ni yeye. Basi naandika mara moja, ukiniuliza nitakutumia hii.

Kazi yenyewe sisi tuliifanya usiku mmoja kwenye meza ya kulia, mambo ya korti yalikuja baadaye. Tulisubiri watoto walale, nikaleta bahasha zangu, nyingine zilikuwa na miezi hazijafunguliwa, mke wangu naye akaja na mfuko wake, tukaanza kufungua moja moja na kuandika kwenye daftari nani anadai, dola ngapi, na jina la nani liko kwenye karatasi. Katikati ikatoka kadi ya duka la nguo ambayo sijawahi hata kuisikia, dola 2,300. Nikapandisha sauti. Halafu nikakumbuka mimi nina mkopo wa mtandaoni, wa riba ya kuchinja, niliochukua kumlipia mdogo wangu ada, nakatwa kila wiki mbili na mke wangu anajua ile ni bima ya gari. Nikashusha sauti. Mpaka saa tisa usiku yalikuwa yametoka yote, ya kwake na ya kwangu, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumsema mwenzake.

Nakuanzishia na hilo kwa sababu mkifaili pamoja mnajaza petisheni moja, yaani ombi lenu kwa korti, mnasaini wote wawili kwa kiapo, na kudanganya mle ni kosa la jinai. Deni alilolificha mmoja lisipoandikwa linaweza kubaki shingoni, na mali aliyoificha mmoja inaweza kuharibu faili zima. Sasa ni afadhali mgombane jikoni mwezi huu kuliko mwenzio ayasikie mbele ya trastii, yaani yule msimamizi anayepewa faili lenu.

Kumbukumbu msitegemee. Kila mmoja achukue ripoti yake ya kredit, yaani rekodi ya madeni yake, bure kwenye annualcreditreport.com, za kampuni zote tatu, Equifax, Experian na TransUnion, maana ripoti ya pamoja ya wanandoa haipo. Na zenyewe hazishiki kila kitu, bili za hospitali nyingine hazimo, hela uliyokopa kwa rafiki haimo, kwa hiyo bahasha mnazifungua tu.

Pamoja au mmoja wenu? Petisheni ya pamoja ni ya waliooana kisheria, kama mnaishi tu pamoja kila mtu afaili lake. Ada ya korti ni dola 338 kwa Chapta 7 na 313 kwa Chapta 13, ile ya kulipa kidogo kidogo kwa mpango, na mkiwa wawili kwenye petisheni moja mnalipa ada moja, unaweza hata kuomba kulipa kwa mafungu. Kama madeni mengi mmesaini wote wawili basi pamoja ndio njia, kwa sababu akifaili mmoja yule aliyebaki nje wanamgeukia yeye kwa deni lote, benki haikati katikati. Kama madeni ni ya mmoja tu na kredit ya mwingine ni safi, mnaweza kumwacha nje. Ila watu wanajidanganya hapa, wanadhani mshahara wa aliyebaki nje hauonekani. Mkiwa mnaishi nyumba moja kipato chake kinaingia kwenye hesabu. Wanachukua miezi sita kamili kabla ya mwezi wa kufaili, wanalinganisha na kipato cha kati cha jimbo lenu kwa familia yenye watu kama nyinyi, mkiwa chini mambo ya Chapta 7 ni mepesi, mkiwa juu kuna hesabu nyingine ndefu ya matumizi na mnaweza kujikuta mnasukumiwa Chapta 13. Ndio maana aliyepiga ovataimu kama kichaa miezi sita iliyopita, anajaribu kujiokoa, anajikuta amepita kiwango kwa sababu ya zile zile ovataimu! Muulize loya kama kusubiri mwezi mmoja au miwili kunabadilisha hesabu.

Na jimbo mnaloishi lina maana kubwa. Majimbo tisa, yaani Arizona, California, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Texas, Washington na Wisconsin, yana sheria kwamba mali nyingi mliyochuma ndani ya ndoa ni ya wote, kwa hiyo hata akifaili mmoja mali hiyo ya pamoja inaingia kwenye faili. Kuna majimbo mengine ambako nyumba iliyoandikwa kwa mke na mume inakingwa dhidi ya madeni ya mmoja wao, huko kufaili pamoja bila kufikiri kunaweza kuwaondolea kinga mliyokuwa nayo. Kinga nazo zinatofautiana kwa jimbo, kuna kiasi fulani cha thamani ya nyumba, gari, vitu vya ndani. Sehemu nyingi mkiwa wawili kila mmoja anadai yake, kwa hiyo kinga zinaongezeka. Pensheni ya kazini, ile 401(k), kwa kawaida haiguswi, ndio maana naumia nikisikia mtu ameitoa yote akalipia kredit kadi halafu miezi mitatu baadaye akafaili. Hela iliyokuwa na ulinzi kaitoa mwenyewe akaenda kulipa deni ambalo lingefutwa.

Sasa tuje kwenye yetu sisi, ambayo loya wa huku hata hajui kuyauliza.

Kiwanja cha nyumbani. Sheria ya hapa inasema mali yako popote ilipo duniani na yeyote anayekushikia ni sehemu ya faili. Kwa hiyo ile nyumba iliyoishia kwenye lenta, shamba ulilonunua kwa jina la mama lakini hela ni yako, akaunti ya benki ya kule, salio la M-Pesa, gari analoendesha binamu, vyote unaviandika na thamani yake. Najua kuna mshauri kila baa na kila kanisa anayesema "hawawezi kujua". Kwanza trastii anakuuliza uso kwa uso, ukiwa umeapa. Pili, statimenti zako za benki anaziona, na mle kuna miaka ya kutuma hela kwa fundi. Na usihamishe! Mtu anamwandikia kaka yake kiwanja wiki mbili kabla ya kufaili akidhani ni ujanja, kumbe fomu inauliza vitu vyote ulivyohamisha au kuuza ndani ya miaka miwili, na kuhamisha kwa nia ya kuficha ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufaili kunatosha kukunyima msamaha wa madeni yako yote. Ukikiandika, mara nyingi trastii anaangalia tu kama kinamlipa kukihangaikia, loya anaangalia kama kinaingia kwenye kinga, maisha yanaendelea. Kukiandika hakumaanishi kimeondoka. Ila mwambie loya kabla hamjafaili, maana faili la Chapta 7 likishaingia kulitoa sio rahisi.

Hela za kutuma nyumbani. Fomu inauliza zawadi zote zinazozidi jumla ya dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka miwili. Ukimtumia mama dola 100 kila mwezi hiyo ni 2,400, mama anaingia kwenye fomu. Hakuna kosa kumtunza mzazi, kosa ni kuacha hilo boksi tupu. Sisi tulikaa na historia za programu za kutuma hela, yangu na ya mke wangu, tukajumlisha mtu kwa mtu, na hapo nikagundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa anatuma kwao zaidi ya tulivyokubaliana. Haya.

Kulipa ndugu kwanza nako ni mtego. Mtu anajua anafaili, anaona aibu shemeji asipate chake, anamlipa dola 3,000 zake kimya kimya. Malipo kwa ndugu yanaangaliwa mwaka mzima nyuma, na trastii ana uwezo wa kumfuata huyo shemeji azirudishe ili zigawanywe kwa wadai wote. Umemlipa leo, kesho anapata barua. Hapo ulitaka kulinda undugu. Subirini, mkishapata msamaha hakuna anayekukataza kumlipa shemeji kwa hiari yako.

Halafu chama, au upatu, kila mtu anavyouita. Kama zamu yako imeshapita na bado unachangia, wenzako wanakudai, wanaandikwa kama wadai na watapata barua ya korti kama benki. Kama zamu yako haijafika, michango yako ni mali, inaandikwa pia. Hili ndilo lilimsumbua mke wangu kuliko yote, alisema bora aandike kila kitu kingine kuliko wanawake wa chama wapate barua. Mwishowe aliwapigia mmoja mmoja kabla barua hazijafika. Wawili walikasirika, mmoja akamuuliza namba ya loya.

Acheni kadi pia. Mkishaamua, msizitumie. Vitu vya anasa vya ndani ya siku 90 na hela taslimu iliyochotwa kwenye kadi ndani ya siku 70, zikizidi kiwango, zinahesabika kama mlijua hamtalipa, na deni hilo linaweza kubaki. Yako mengine yanayobaki hata mfanyeje: matunzo ya watoto, kodi nyingi za karibuni, faini za korti, na mikopo ya shule isipokuwa ukathibitishe mateso ya kweli mbele ya jaji.

Muda nao uangalieni. Rifandi ya kodi ambayo hamjaipokea ni mali, na trastii wanaipenda kweli, kwa hiyo kufaili Januari wakati mnategemea rifandi nono sio wazo zuri kabla ya kuongea na loya. Na urithi ukiupata ndani ya siku 180 baada ya kufaili unaingia kwenye faili, kwa hiyo kama mzazi ni mgonjwa nyumbani na kuna ardhi, lisemeni, hata kama mdomo ni mzito kulitaja.

Karatasi: peislipu za siku 60 za kila mmoja, ritani ya kodi ya mwisho (Chapta 13 wanataka muwe mmefaili za miaka minne), statimenti za benki, kadi za magari, mkataba wa nyumba, barua zote za kesi. Majina ni balaa letu, benki moja inaandika jina la babu, nyingine imegeuza la kwanza likawa la mwisho. Orodhesheni majina yote mliyotumia miaka minane iliyopita, na kitambulisho kifanane na petisheni. Asiye na namba ya Social Security anaweza kufaili kwa ITIN, ile namba ya kulipia kodi. Na kwa wanaouliza makaratasi ya uhamiaji, kufilisika sio jinai na peke yake hakukuzuii uraia, uongo na kodi usizolipa ndio wa kuogopa.

Kabla ya kufaili, ndani ya siku 180, kila mmoja anafanya kozi ya ushauri wa madeni kwa shirika lililoidhinishwa, kwa simu au mtandaoni, mnapata vyeti. Loya, mtafuteni wa kweli, wengi mazungumzo ya kwanza ni bure. Yupo kwenye jamii yetu yule mtaalamu wa fomu anayejaza kila kitu kuanzia uhamiaji mpaka kodi, kisheria mtu asiye loya anaruhusiwa kuchapa fomu zako tu, hawezi kukuambia Chapta gani wala nini kinakingwa. Na kama ndoa yenyewe inayumba, mwambieni loya ukweli, mmoja hawezi kuwawakilisha wawili wanaogombania nyumba.

Kwa wenye kipato cha kueleweka wanaotaka kuokoa nyumba yenye malimbikizo, Chapta 13 ndio yao, mpango wa miaka mitatu mpaka mitano. Mkishafaili, iwe hii au ile, linashuka zuio, na kwa madeni mengi simu zinakoma, mshahara unaacha kukatwa. Siku ile simu yangu haikulia asubuhi nilidhani imeharibika.

Mkutano na trastii ni kama mwezi mmoja baadaye, wengi sasa ni kwa Zoom, wote wawili lazima muwepo, kitambulisho na namba ya Social Security mkononi. Mkalimani ni bure, ombeni mapema, msimtumie mtoto. Wa kwetu ulichukua dakika saba. Swali la nne: mna mali yoyote nje ya Marekani? Mke wangu akajibu "ndiyo, kiwanja kimoja, kiko ukurasa wa mali". Trastii akafunua, akaona, akaenda swali la tano.

Kozi ya pili sasa, ya usimamizi wa fedha, hii watu wanaisahau. Kwa Chapta 7 cheti chake kiingie ndani ya siku 60 tangu tarehe ya kwanza iliyopangwa ya mkutano, na kila mmoja ana chake. Mke wangu alimaliza wiki ile ile. Mimi nikajisahau mpaka loya akanipigia kwamba zimebaki siku nne, na nisipofanya, msamaha utatoka na jina la mke wangu peke yake, mimi nibaki na madeni yangu. Niliifanya kwenye simu saa nane usiku kazini, nimekaa juu ya maboksi, chaji asilimia 11.