Una UNI lakini kura yako inasoma sifuri? Anza hapa

Mwezi uliopita shemeji alinipigia usiku, amefura. Ana UNI 400 kwenye pochi yake ya kidijitali tangu 2020, zile tokeni (sarafu za kidijitali) ambazo Uniswap, programu ya kubadilishana sarafu hizo, iliwagawia bure watu waliokuwa wameshaitumia kabla ya Septemba mwaka huo. Siku hiyo ndiyo kwanza alitaka kupiga kura, ukurasa ukamwandikia kuwa nguvu yake ya kura ni 0. "Shem, nimeibiwa!" Hakuibiwa. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza jioni nzima kwenye sifuri hiyohiyo, kwa hiyo naandika tulivyofanya.

Kwa asiyejua: Uniswap huongozwa na DAO, yaani kundi linaloamua mambo ya mradi kwa kura za wenye tokeni, na sheria za kura hizo zimeandikwa ndani ya programu iliyoko kwenye blokucheni, lile daftari la pamoja la kidijitali. Usiifananishe na SACCOS, ambako mwanachama ana kura moja tu awe na hisa 10 au 1,000. Hii ni kama mkutano wa wanahisa: tokeni moja, kura moja.

Hatua ya 1: Toa tokeni sokoni

Zikiwa kwenye soko la kubadilishia sarafu, ufunguo anao mwenye soko. Zihamishie kwenye pochi yako. Na tumia kompyuta. Kwenye simu anwani hukatwa katikati, nami sipigi kura na kitu nisichokiona chote.

Hatua ya 2: Weka ETH kidogo

Hii ni sarafu ya Ethereum, blokucheni ambako UNI ipo. Ni ya kulipia gesi, yaani ada ya muamala. Shemeji alikuwa na UNI tupu, ikabidi tusubiri atumiwe.

Hatua ya 3: Kasimu kura zako

Hapa ndipo watu wanapokwama. Kuwa na UNI si kuwa na kura. Mkataba wa UNI, yaani programu inayoendesha tokeni hiyo, hauhesabu chochote mpaka uuambie kura zako zimwendee nani, hata kama huyo nani ni wewe mwenyewe. Zile 400 zilikuwa zimelala tu miaka yote.

Kuna kurasa nzuri zenye kitufe cha kukasimu. Mimi huenda moja kwa moja Etherscan, tovuti ya kusomea yaliyomo kwenye blokucheni ya Ethereum, kwa sababu pale nauona mkataba wenyewe, si urembo wa mtu. Fungua mkataba wa UNI. Anwani yake inaanza na 0x1f98 na kuishia na F984, lakini usiridhike na ncha hizo: linganisha herufi zote, maana matapeli hutengeneza anwani zenye ncha zinazofanana. Kwenye sehemu ya kusoma mkataba tafuta "delegates", ubandike anwani ya pochi yako. Ya shemeji ilijibu 0x na sifuri 40 nyuma yake, yaani hajawahi kukasimu kura kwa yeyote. Kisha nenda sehemu ya kuandika, unganisha pochi, tafuta "delegate" (hii haina s), bandika anwani yako hiyohiyo, uidhinishe. Muamala ukithibitishwa, rudi kusoma "getCurrentVotes". Yake ilitoka 4 ikifuatwa na sifuri 20. Akadhani amekuwa tajiri. UNI huandikwa kwa desimali 18, yaani tarakimu 18 za mwisho ni za baada ya nukta, basi.

Sasa kuhusu muda, na hapa soma taratibu. Nguvu yako hupimwa kwenye bloku (ukurasa mmoja wa lile daftari) ambayo kura zinafunguliwa. Pendekezo likishawasilishwa kuna takriban siku 2 za kungoja kabla ya kura kufunguliwa. Kasimu ndani ya siku hizo. Ukichelewa, umejiandaa kwa pendekezo lijalo. Mimi nilikasimu saa chache baada ya kura kufunguliwa. Nikafunga kivinjari nikakifungua, nikabadilisha pochi, nikalipa gesi mara ya pili. Namba haikusogea, na isingesogea hata ningekesha.

Ukali huo una sababu: kumzuia mtu kukopa tokeni ghafla akazipigia kura. Aprili 2022 kwenye mradi wa Beanstalk mtu alichukua mkopo wa papo kwa papo (unaokopwa na kurudishwa ndani ya muamala uleule), akajipatia kura za kutosha kupitisha pendekezo lake mwenyewe, akachota fedha za mradi na kurudisha mkopo, vyote ndani ya muamala mmoja. Mradi ulipata hasara ya takriban dola milioni 182.

Mengine ya hatua hii: kukasimu hakumpi mtu tokeni zako, kunampa kura tu, na unaweza kumnyang'anya wakati wowote. Huwezi kugawanya, pochi moja hukasimu zote kwa anwani moja. UNI ulizoweka kwenye bwawa la ukwasi (mfuko wa pamoja ambao watu hubadilishia tokeni) hazihesabiki kwako. Ukinunua nyingine zikaingia pochi ileile, hufuata zenyewe.

Hatua ya 4: Soma pendekezo

Soma na mjadala wake. Kwa kawaida hupimwa kwanza Snapshot, tovuti ya kura za nje ya blokucheni, ambako unatia sahihi tu bila gesi na unaweza kubadili mawazo kabla ya muda kuisha.

Hatua ya 5: Piga kura

Ndiyo, hapana, au kutoegemea upande. Kwenye blokucheni hakuna kurudia, kwa hiyo tazama kitufe kabla ya kuidhinisha. Kura hukaa wazi takriban siku 5 hadi 6.

Shemeji aliuliza 400 zitafanya nini mbele ya vigogo. Swali halali. Februari 2023 kampuni ya uwekezaji ya a16z ilipiga kura milioni 15 za hapana kuhusu kuipeleka Uniswap kwenye BNB Chain, blokucheni nyingine, na peke yake ikabeba zaidi ya nusu ya upinzani wote. Pendekezo likapita hata hivyo. Lakini kuna akidi pia: lazima kura za ndiyo zifike milioni 40. Oktoba 2020 pendekezo la kwanza kabisa la Uniswap lilipata takriban milioni 39.6 za ndiyo, hapana hazikufika milioni 1, na likaanguka. Zilipungua kama laki 4, yaani pochi 1,000 za akina shemeji.

Hatua ya 6: Ngoja

Pendekezo likishapita hukaa kwenye kufuli la muda siku 2, kisha mtu yeyote anaweza kulitekeleza kwa kulipa gesi. Shemeji alitaka kulitekeleza yeye. Nikamwonyesha bei ya gesi ya asubuhi ile, akamwachia mwingine.