Jifunze Kufunga Breki Kabla ya Kuongeza Turbo

Habari ya gari jipya ikitoka, wengi wetu tunakimbilia kuuliza ina nguvu za farasi ngapi. Mimi naanza na uzito. BMW M5 ya mwaka 2024 ina farasi 727, lakini uzito wake unazidi tani 2.4. Toyota GR Yaris ya soko la Japani, ilipoboreshwa mwaka huohuo, ilipanda kutoka farasi 272 hadi 304, na haifiki hata tani 1.4. Uzito wote huo utafika nao kwenye kona, na breki ndizo zitakazoubeba. Kwa hiyo kijana akiniuliza aanzie wapi kuongeza nguvu kwenye Impreza au Altezza yake, namwambia aanze na breki, na mguu wake wa kulia. Turbo itasubiri.

Kwanza kagua matairi. Pembeni mwa tairi, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hapa kwetu Arusha matairi ya mtumba hupakwa dawa yakang'aa kama mapya, lakini mpira uliozeeka umekwisha kukakamaa, na mpira mkavu haushiki lami hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado ni nene. Upepo nao upime asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo chako mwenyewe. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usikubali ile "weka arobaini zote" ya fundi wa pancha.

Halafu fungua boneti utazame mafuta ya breki. Watu hubadilisha pedi na kuyasahau haya, ilhali ndiyo yanayopeleka nguvu ya mguu wako kwenye magurudumu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa taratibu. Daraja lake huandikwa kwenye kopo, kama DOT 3 au DOT 4. DOT 4 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishashiba unyevu, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Ukifunga breki kwa nguvu mara nyingi mfululizo, au ukiteremka mlima mrefu huku mguu umeganda kwenye pedali, joto linafika huko. Mafuta yanachemka, yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea. Utakanyaga, pedali itazama hadi chini, na gari litaendelea kwenda. Mafuta mapya huwa na rangi ya manjano hafifu. Yakigeuka kahawia, yamwage. Hata yasipogeuka, badilisha kila baada ya miaka miwili, simama pale gerejini mpaka fundi amalize kutoa hewa kwenye breki za magurudumu yote manne, na udai kopo ambalo halijafunguliwa. Kopo lililokaa wazi kwenye rafu limeshaanza kunywa unyevu.

Kiti ni jambo la dakika moja. Mgongo uegemee wote, goti libaki limekunjika kidogo hata pedali ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho, na ukinyoosha mkono, kifundo kilale juu ya usukani bila bega kutoka kwenye kiti.

Sasa zoezi lenyewe. Tafuta uwanja mpana wa lami usio na watu wala nguzo, uombe ruhusa ya mwenyewe. Barabara ya umma si mahali pa zoezi hili, hata saa nane za usiku. Weka koni mbili kama lango. Pita langoni kwa kilomita 40 kwa saa, ukifika kanyaga breki kwa nguvu zako zote na usiachie. Gari lenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, litakugonga-gonga mguuni na kutoa mlio wa kukwaruza. Madereva wengi hushtuka wakalegeza mguu hapo, na hiyo ndiyo tabia unayokuja kuiua. Chora mstari kwa chaki gari liliposimama. Rudia kwa 60, kisha 80. Kwenye lami kavu na matairi mazuri utaona kama mita 8, kisha 17, kisha 31. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali umeongezeka mara nne. Na hapo mguu ulikuwa umejiandaa. Barabarani, kwa kilomita 100 kwa saa, sekunde moja tu ya kushtuka inakula karibu mita 28 kabla hujagusa pedali.

Ukishazoea, tafuta ule mkazo ulio chini kidogo ya mahali ABS inapoamka. Pua imeinama, matairi ya mbele yanalalamika kwa sauti nyembamba, lakini pedali imetulia. Hapo ndipo gari linasimama vizuri kuliko popote, na ukipajua unaweza kwenda kwenye kona.

Mshiko wa tairi ni kama noti ya elfu kumi mfukoni: ukiitumia yote kwenye breki, ya kukata kona huna. Funga breki kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kisha achia kidogo kidogo kadiri unavyozungusha usukani. Usiachie ghafla, maana pua itanyanyuka na matairi ya mbele yatakosa uzito wa kuyakandamiza. Macho yatangulie. Ukiwa bado unafunga breki, tazama ndani ya kona. Ukifika ndani, tazama unakotokea.

Kwenye changarawe hesabu inabadilika. Gurudumu lililojifunga hukusanya kifusi mbele yake kinachosaidia kusimamisha gari, na ABS humnyima dereva kifusi hicho, hivyo umbali huwa mrefu zaidi. Anza mapema kuliko kwenye lami. Tangu Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, pale Naivasha, mwaka ambao Sébastien Ogier alishinda, ushauri wangu kwa watazamaji ni mmoja: ndani ya eneo mlilotengewa, simameni mnapoweza kuusikia mwendo wa kuingia konani. Sikilizeni injini inapokatika sauti. Dereva mzuri hunyamaza mapema, halafu anakanyaga mafuta mapema pia, huku wenzake bado wanapigana na usukani.

Ukimaliza mazoezi, zunguka polepole kwa dakika kadhaa ili upepo upoze breki na turbo. Ukiegesha, usivute hendibreki breki zikiwa bado za moto: weka gia, zuia gurudumu kwa jiwe. Pima upepo wa matairi tena. Utakuwa umepanda kwa sababu ya joto, wala usiupunguze. Kisha chukua spana ukaze nati za magurudumu yote manne kabla ya kuingia barabarani.