Jinsi ya kuandaa hipaforini kwa majaribio ya seli

Hypericum perforatum ni mmea wa Ulaya wenye maua ya manjano, unaochanua karibu na sikukuu ya Yohane Mbatizaji, 24 Juni. Wajerumani wameutumia sana kutibu sonona isiyo kali. Hipaforini ni kiambato chake kimojawapo kinachopewa uzito mkubwa: huzuia seli za neva kurudisha ndani serotonini, noradrenalini na dopamini. Haiibani moja kwa moja milango ya seli inayovuta kemikali hizo, kama zifanyavyo dawa nyingi za sonona. Huongeza sodiamu ndani ya seli, na milango ikakosa nguvu ya kuvuta.

Tatizo lake ni kwamba haipendi mwanga wala oksijeni. Ndiyo maana maabara hununua chumvi yake ya DCHA (yaani iliyounganishwa na disaiklohekzilamini), iliyo imara kuliko hipaforini tupu.

1. Soma cheti kinachokuja na kichupa kabla ya kushika kikokotoo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Uzito wa molekuli wa hipaforini ni 536.8, lakini wa chumvi yake ni takriban 718. Ukiwa na mg 5 za chumvi na unataka 10 mM (milimola 10 kwa lita), unahitaji µL 696 za kiyeyushi DMSO. Ukikokotoa kwa 536.8 utaweka µL 931, na myeyusho wako utakuwa na takriban 7.5 mM huku lebo ikisema 10. Hakuna atakayegundua kwa macho. Kama usafi ulioandikwa ni 98%, uingize kwenye hesabu pia.

2. Acha kichupa kifikie joto la chumba kikiwa kimefungwa. Ukikifungua kikiwa baridi, unyevu wa hewa utaingia. Kizungushe kidogo kwenye sentrifuji ili unga ulioganda kwenye kifuniko ushuke chini.

3. Yeyusha humohumo. Usihangaike kupima unga kidogo hivyo kwenye mizani; mwingi utabaki kwenye kijiko. Tia DMSO kavu moja kwa moja. DMSO huganda chini ya nyuzi 18.5, kwa hiyo ukiikuta imekuwa barafu kwenye chumba chenye kiyoyozi, ipashe tu kwa viganja. Vaa glavu: hupenya ngozi na kubeba ilichoyeyusha. Zima taa ya juu ya meza.

4. Gawa µL 20 kwa kila tyubu ya kahawia, puliza naitrojeni kama ipo, funga, hifadhi kwenye friza ya nyuzi -80. Tyubu ikishayeyuka, itumie siku hiyo hiyo, usiigandishe tena.

5. Punguza kwa awamu mbili. Kwanza µL 10 za akiba (ule myeyusho wa 10 mM) kwenye µL 90 za DMSO, upate 1 mM. Kisha µL 1 ya hiyo kwa kila mL ya chakula cha seli kilichopashwa moto, huku ukitikisa. Utapata 1 µM na DMSO 0.1%. Ukimimina akiba nzito moja kwa moja itajitenga, kwa sababu molekuli hii hupenda mafuta kuliko maji.

6. Weka vilinganishi viwili, si kimoja. Visima vya seli zilizotiwa DMSO 0.1% pekee havitoshi. Weka pia vyenye DCHA yenyewe kwa 1 µM, la sivyo hutajua kama athari imetoka kwenye hipaforini au kwenye mwenzake. Andika daftarini asilimia ya seramu, maana protini zake huishika hipaforini na kuipunguza.

Wanaotumia seli za ini wawe waangalifu zaidi. Hipaforini huamsha kipokezi PXR kwa viwango vilivyo chini sana ya 1 µM, kikaongeza kimeng'enya CYP3A4 kinachovunja dawa nyingine. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa watu wazima wenye afya waliotumia mmea huu walipungukiwa indinavir, dawa ya VVU, kwa 57% mwilini. Kwa hiyo ukiijaribu hipaforini pamoja na dawa yoyote kwenye seli hizo, pima dawa iliyobaki kwenye chakula cha seli pia, usiishie kuhesabu seli zilizo hai.