IP yako inasomeka nchi nyingine na saiti zinakuwa nzito: tafuta kwanza kosa liko kwenye IP ipi

Dalili zenyewe unazijua. Saiti inafunguka kwa lugha usiyoielewa, bei zinakuja kwa pesa ya nchi nyingine, video inakwambia haipatikani ulipo, au kila kitu kinafunguka ila kizito wakati ukipima spidi unapata namba nzuri kabisa. Hiyo ya mwisho ndo watu hawaishtukii, wanalaumu waifai, wanabadilisha ruta, wanahama kifurushi, na tatizo linabaki palepale.

Kabla hujagusa chochote elewa kitu kimoja, maana hapa ndo wengi wanapotea: kuna IP mbili kwenye hii habari (IP ni namba ya anwani ya kifaa kwenye intaneti). Ya kwanza ni yako wewe, ile saiti inayoiona ukishaifikia. Ya pili ni ya risolva, yaani ile seva ya DNS inayokutafutia jina la saiti lipo kwenye IP gani. Saiti kubwa zina seva nchi nyingi na DNS yao ndo inaamua ikupeleke kwa seva ipi, sasa wakati inaamua mara nyingi haikuoni wewe kabisa, inaiona risolva tu. Kwa hiyo kama wewe upo Uholanzi na risolva yako inasomeka ipo Brazil utapelekwa Brazil, hata kama IP yako imeandikwa sawasawa kwenye kila databesi inayoonyesha IP ipi ipo nchi gani. Lugha na bei za ajabu kwa kawaida zinatokana na IP yako, uzito mara nyingi unatokana na ile ya risolva. Ukirekebisha ambayo haina kosa utasubiri wiki nzima na hakuna kitakachobadilika.

Anza na IP yako

Zima VPN kwanza, na usisahau zile zilizojificha, kama iCloud Private Relay kwenye iPhone na Mac au VPN iliyokuja ndani ya browza. Kisha andika amri hizi mbili kwenye terminali, ile programu ya kuandikia amri:

curl -4 https://icanhazip.com
curl -6 https://icanhazip.com

Cheki zote mbili, kwa sababu IPv4 yako (mfumo wa zamani wa IP) inaweza ikawa sawa na IPv6 (mfumo mpya) ikasomeka bara lingine, na vifaa vya siku hizi vinaipenda IPv6 kwanza. Ya pili ikigoma basi huna IPv6, endelea tu na ya kwanza.

Chukua hizo IP uziangalie kwenye databesi zaidi ya moja: MaxMind, IP2Location, DB-IP, IPinfo. Moja peke yake ikikosea, kosa ni la hiyo moja. Zote zikisema nchi ileile isiyo sahihi, hapo kosa lipo chini zaidi, kwenye usajili wa bloku yenyewe, yaani lile fungu la IP ambamo yako imo. Hii inatokea sana kwa sababu akiba kuu ya IPv4 ya IANA (shirika linalogawa IP duniani) iliisha Februari 2011, tangu hapo mabloku yananunuliwa, yanauzwa na yanakodishwa, bloku iliyokuwa Ulaya mwaka jana leo inatumika Asia, ila databesi nyingine bado zinakumbuka mwenye nayo wa zamani. Na ukisoma whois, yaani taarifa za usajili wa IP, usiamini haraka ile sehemu ya country, mara nyingi inaonyesha nchi ya kampuni iliyosajili na sio mahali mashine ilipo.

Usihangaike na mji. Kwenye simu hasa, IP inatokea pale mtambo wa kampuni ya simu unapotokea intaneti, kwa hiyo kusomeka mji mwingine wa nchi yako ni kawaida. Hizi databesi zinakisia, na zikikosa taarifa zinaweka nukta katikati ya nchi. Mwaka 2016 ilikuja kujulikana kwamba MaxMind walikuwa wameweka zaidi ya IP milioni 600 kwenye nukta moja karibu na Potwin, Kansas, kwa sababu walijua ni za Marekani tu basi, na familia ya shamba lililokuwa hapo ilisumbuliwa miaka na polisi na watu waliokuwa wanawatafuta wezi wa mtandaoni. Kwa hiyo nchi ikiwa sahihi achana nayo, nenda hatua inayofuata.

Sasa risolva, na hapa tulia

Kwenye Linux au Mac andika:

dig +short TXT o-o.myaddr.l.google.com

Kwenye Windows:

nslookup -type=txt o-o.myaddr.l.google.com

Jibu litakuletea IP ya risolva kama inavyoonekana na seva za nje. Usishangae umeweka 8.8.8.8 halafu inakuja IP nyingine kabisa, ile 8.8.8.8 ni mlango wa kuingilia na maswali yanatokea mlango mwingine. Hiyo iliyokuja ndo ya kupeleka kwenye databesi ukaangalie inasomeka wapi.

Chini yake unaweza ukaona mstari wa pili ulioandikwa edns0-client-subnet na kipande cha IP yako. Huo mstari una maana kubwa. Ni utaratibu ulioandikwa kwenye RFC 7871 (waraka wa kanuni za intaneti) ya mwaka 2016, risolva inaipa DNS ya saiti kipande cha IP yako, kwa IPv4 kawaida ni /24, yaani namba tatu za mwanzo, ili saiti iamue kwa kukuangalia wewe badala ya kuiangalia risolva. Google 8.8.8.8 inafanya hivyo. Cloudflare 1.1.1.1 haifanyi, na wamesema wazi ni kwa ajili ya faragha. Quad9 kwenye 9.9.9.9 haifanyi ila wana 9.9.9.11 inayofanya. Mstari ukiwepo basi, kwa saiti zinazokubali utaratibu huo, IP yako ndo inayoamua njia, usipokuwepo inayoamua ni ya risolva, na hapo tayari umeshajua upande wa kushughulika nao.

Angalizo: browza inaweza kuwa na DNS yake ya siri ambayo haifuati mipangilio ya kompyuta. Ukiona dig inakupa jibu zuri na browza bado inakwenda mbali, ingia kwenye mipangilio ya DNS salama ya browza uizime kwa muda upime tena.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kuiuliza DNS kama vile unauliza kutoka sehemu nyingine. Weka jina la saiti inayokusumbua na mahali pa hizi IP za mfano uweke kipande cha IP yako, kisha urudie na kipande cha IP unayojua inasomeka nchi yako bila kosa:

dig @8.8.8.8 www.example.com +subnet=198.51.100.0/24
dig @8.8.8.8 www.example.com +subnet=203.0.113.0/24

Majibu yakitofautiana, huenda umemkamata, databesi inayotumiwa na hiyo saiti imeiweka IP yako pabaya. Yakifanana, angalia mstari wa CLIENT-SUBNET kwenye jibu, mwishoni kuna namba baada ya mkwaju wa pili. Ikiwa 0 maana yake saiti haikujali kipande ulichotuma, labda inatumia anycast ambapo IP ni moja dunia nzima na njia inaamuliwa na BGP (utaratibu wa mitandao kuelekezana njia), na hapo hata databesi zote zikirekebishwa hutaona tofauti, ni suala la kampuni yako ya intaneti na njia zake.

Ukishapewa IP ya seva usiulize databesi seva ipo wapi, pima kwa pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila milisekunde 1 ya kwenda na kurudi ni kilomita 100 kwa juu kabisa. Pingi ikiwa 8 ms seva haiwezi kuwa zaidi ya kilomita 800, hata databesi ikikuapia ipo bara lingine. Ila usiligeuze, pingi ya 180 ms haithibitishi kwamba seva ipo mbali, njia inaweza ikawa inazunguka tu.

Kurekebisha

Kama wewe ni mtumiaji wa kawaida na kosa ni la risolva, rudi kwenye DNS ya kampuni yako ya intaneti au hamia inayotuma kipande cha IP, halafu futa kache, yaani majibu ya zamani ya DNS yaliyohifadhiwa: Windows ni ipconfig /flushdns, Linux yenye systemd ni resolvectl flush-caches, Mac ni sudo dscacheutil -flushcache ikifuatiwa na sudo killall -HUP mDNSResponder. Kosa likiwa la IP yako, jaza fomu ya masahihisho kwenye databesi inayokosea, MaxMind na IP2Location wanazo, na uiambie kampuni yako pia kwa sababu wao ndo wenye bloku na neno lao lina uzito kuliko lako.

Kama bloku ni yako, tengeneza geofeed, orodha ya kutangaza bloku zako zinatumika wapi. Ni faili la CSV tu, RFC 8805 ya 2020, kila mstari bloku moja:

203.0.113.0/24,NL,NL-NH,Amsterdam,

Liweke kwenye HTTPS, kisha weka linki yake kwenye inetnum yako (rekodi ya bloku yako) kwa sajili yako ya IP, iwe AFRINIC, RIPE NCC au nyingine, kama geofeed: au kwenye remarks: pale ambapo hiyo haipo. Andika ukweli mtupu, databesi nyingi zinalinganisha na vipimo vyao na bloku inayodanganya inapuuzwa.

Na kama saiti ni yako na unatumia geolocation ya Route 53 (DNS ya Amazon, inayomjibu mtu kwa kuangalia alipo), tafadhali weka rekodi ya default. Bila hiyo, mtu ambaye IP yake haijulikani inatoka wapi hapati jibu lolote, kwake saiti haipo kabisa, na hutaona chochote kwenye logi za seva kwa sababu hajawahi kuifikia. Kama unachotaka ni spidi tu na sio sheria za nchi, tumia ile ya latency, inahusiana na vipimo vya mtandao na sio mipaka kwenye ramani. Na kama una faili la GeoIP kwenye seva yako cheki tarehe yake, maana databesi ikishasahihishwa leo nakala yako ya zamani itaendelea kuwakosea watu mpaka uipakue upya.

Masahihisho huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kusambaa, kwa hiyo rudia zile dig mbili mara mojamoja, na majibu yakianza kufanana huku pingi imeshuka unaweza kuwasha VPN yako tena.